Mikebe Sita ya Samaki Kuzunguka Mlima

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Kiganjo ananiuliza swali lilelile: "Wambugu, samaki walifika?" Nikisema walifika, ananipiga begani, ananipongeza na kwenda zake. Hakuna anayeuliza walifika wapi. Nimechoka kujibu nusunusu barabarani, kwa hiyo nimeamua kuandika yote, na atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi akasome kwake. Mkiniona nina hasira, msishangae. Ninayo, na sioni sababu ya kuificha.

Kwa asiyenijua, mimi hufanya kazi katika shamba la kuzalisha trauti, wale samaki wa maji baridi wanaovuliwa kwa ndoano na watu wa burudani. Ni watu wanaokuja wikendi na fimbo nyembamba, wakasimama mtoni kutwa nzima, na wakipata samaki mdogo wanalowesha mikono kwanza ndipo wamshike, wamrudishe majini akakue. Mama yangu hadi leo huwaita nyoka wa mto, na sigusi sufuria yake kabla sijanawa mara mbili. Mimi mwenyewe sijawahi kuonja hata mmoja. Lakini hao niliosafiri nao niliwalea tangu wakiwa mayai. Nilikuwa nikiinama juu ya trei kila asubuhi, nikiondoa mayai yaliyokufa kwa unyoya wa kuku, moja moja, ili yasioze na kuua mengine. Walipotoka Kiganjo kila mmoja alikuwa na urefu wa kidole changu cha shahada.

Kiganjo hadi Karatina

Mto uliongojea samaki wangu, au hivyo ndivyo nilivyoambiwa, uko chini ya Timau. Mtu akitoka Kiganjo akapitia Naro Moru na Nanyuki, anafika kabla ya chai ya saa nne. Bosi aliniambia amepata lori. Hakuniambia lori linaelekea wapi.

Dereva alikuwa Muriuki, ambaye wengi wenu mnamjua, yule mnene wa kabeji. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumepakia mikebe sita ya maziwa iliyojaa maji na vifaranga wa samaki, nimeifunika kwa magunia yaliyolowa, nami nimekaa katikati yake juu ya tairi la akiba. Muriuki akawasha lori na kukata kona kuelekea kusini. Nikagonga paa la kibanda chake kwa ngumi.

"Muriuki! Timau iko upande huu!"

"Najua," akasema, kichwa nje ya dirisha. "Lakini kabeji ziko upande ule. Niko na za Karatina, za Embu, za Chuka na za Meru. Nikimaliza nashuka Timau kupakia viazi. Kwani bosi yako hakukuambia? Mlima ni mviringo, Wambugu. Tutafika tu."

Mviringo! Safari ya saa mbili ilikuwa imegeuka safari ya siku mbili, na sababu yake ni ubahili wa mtu aliyekuwa bado kitandani. Nilikimbia ofisini kupiga simu, nikakuta imetiwa kufuli kwenye tundu la kuzungushia namba, kama kawaida. Nikafikiria kuwarudisha samaki bwawani. Lakini walikuwa wamefunga siku nzima bila chakula ili wasichafue maji njiani, na walikuwa wamekwisha kusumbuliwa na wavu mara moja. Ukiwarudisha na kuwatoa tena kesho, nusu watakufa kwa mshtuko. Nikapanda lori huku nikitukana kimoyomoyo, na mengine hayakuwa ya kimoyomoyo.

Nilimpa Muriuki masharti. Kila baada ya saa moja tunasimama, nachota maji ya mkebe kwa jagi na kuyamwaga tena humohumo kutoka juu ili yapate hewa. Tukivuka mto wenye maji baridi, nabadilisha maji kidogokidogo. Ni maji ya mto peke yake, kamwe si ya mfereji. Na ishara yetu ni filimbi, nikiipuliza mara moja anasimama hapohapo. Filimbi yenyewe ni ya chuma, ninayo tangu ujana, na habari zake nitazifikia.

Karatina tulikaa zaidi ya saa mbili. Dalali wa kabeji hakuonekana, na Muriuki akasema hawezi kumtafuta akiwa na njaa. Akala mukimo na nyama, akaagiza sahani ya pili, akaimaliza taratibu huku akinipungia mkono kutoka mlangoni mwa hoteli. Mimi nilikuwa juu ya lori na jagi langu, na kabla sijatambua kulikuwa na foleni ya akina mama chini yangu, kila mmoja na chupa au sufuria.

"Maziwa ni ya wapi?" akauliza wa kwanza.

"Si maziwa, mama. Ni samaki."

"Wacha mchezo, tupimie. Watoto wanaenda shule."

Nikaapa, hawakuamini. Mmoja alipanda gurudumu, akafunua mkebe, akachungulia, akaruka chini. "Ngai!" akapiga kelele. "Maziwa iko na macho!" Soko zima likaja kuangalia. Sikuona cha kuchekesha wakati ule. Sasa naona kidogo.

Karatina hadi Embu

Kutoka Karatina barabara inashuka, na kadiri inavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Nilikuwa na kipimajoto kwenye kamba, nikikitumbukiza kila mara na kukiangalia kama muuguzi. Trauti ni samaki wa baridi. Maji yakipata joto hewa inawatoka, wanapanda juu na kuanza kufunguafungua midomo, na mtu aliyewahi kuiona ile midomo midogo hawezi kukaa kitako. Nililowesha magunia mpaka maji ya ndoo yakaisha.

Karibu na Kutus tulikuta kizuizi. Askari alizunguka lori, akagonga mkebe kwa kifundo cha kidole, akatabasamu.

"Mzee, hii mchezo tunaijua. Juu unaweka maji, chini kuna kitu ingine."

"Chini kuna samaki."

"Ati samaki. Chang'aa siku hizi inaitwa samaki?"

Akakunja mkono wa shati, akauingiza mkebeni mpaka kwenye kiwiko ili afikie chupa za pombe zilizofichwa. Vifaranga mia hivi wakamgusa mkono kwa pamoja. Sijawahi kuona mtu mwenye sare akiruka vile. Aliporudiwa na pumzi alikuwa muungwana, akacheka, hata akaomba radhi. Lakini akamwita mwenzake aje aone, na mwenzake akamwita mwingine, na abiria waliokuwa wakingoja upande wa pili wakashuka garini, na kila mmoja akataka mkebe ufunuliwe juani. Akatokea na bwana mmoja mwenye tai, akasimama kunifundisha kazi yangu.

"Samaki ni ya Kisumu," akasema. "Huku mlimani samaki ilitoka wapi?"

Nilimwambia ilitoka kwa mayai, na mayai yalitoka kwa samaki, na yeye ametoka wapi? Muriuki akanivuta shati. Tuliondoka hapo joto la maji likiwa limepanda kupita kiasi.

Embu nilipuliza filimbi kabla ya daraja. Nilishuka mtoni na ndoo mbili mbio, na pale penye kivuko nikawakuta vijana watatu wameingiza pikapu mpaka katikati ya maji, wanaiosha kwa sabuni. Povu lilikuwa linashuka na mkondo, jeupe, na hatua chache mbele mzee mmoja alikuwa akikinga chandarua kukokota kila chenye uhai, hata viluwiluwi. Damu ikanipanda. Nikapuliza filimbi kwa nguvu zangu zote na kuwafokea: mto si karai la kufulia, na huyo mwenye chandarua anaiba samaki wa mwakani pamoja na wa leo. Mnajua walifanya nini? Walitii. Hawakuuliza mimi ni nani. Pikapu ikatolewa, chandarua kikakunjwa. Nilichota maji yangu juu ya kivuko nikiwa nimevimba kichwa, nikijiona mkubwa. Nakumbuka hilo vizuri, kwa sababu ya yaliyokuja baadaye.

Embu hadi Chuka

Nje ya Embu tukapata pancha. Muriuki alikuwa na tairi la akiba, nililikalia tangu asubuhi, lakini jeki aliiazima shemeji yake. Tulikaa kando ya barabara mpaka lori la mchanga lilipotuhurumia. Kwa muda huo wote nilikuwa nikichota na kumwaga, kuchota na kumwaga, mpaka bega likafa ganzi, huku Muriuki amelala chini ya lori kivulini na kofia usoni.

Tulifika Chuka jua limeshaanza kulegea, na Muriuki akasema lori haliendi mbele bila tairi jingine la akiba. Tukalala kwa Mama Gatwiri, mwenye hoteli ya mbao juu ya kijito. Mama huyu alikuwa mkarimu ajabu. Alitupa githeri na mboga ya kunde, akatuandalia kitanda, na nilipomweleza nimebeba vifaranga wa samaki alisikitika kana kwamba nimemletea watoto yatima. "Maskini," akasema, "wametoka mbali hivyo bila mama yao?" Hapo walikuwa wote hai, mikebe yote sita. Nililihesabu hilo kama mafanikio.

Usiku niliamka kila saa kuchota na kumwaga, na kulipokucha tu niliteremka kijitoni na ndoo. Maji yalikuwa baridi safi, yametoka mlimani moja kwa moja. Njia ilikuwa ya mteremko na utelezi, nikachukua muda. Niliporudi, Mama Gatwiri alikuwa juu ya lori na mtungi mkubwa wa bati, anaumiminia mkebe wa kwanza, kwa upole, kama anayemnywesha mgonjwa.

Nilidondosha ndoo zote mbili.

"Mama! Umetia nini?"

"Ni maji safi, mwanangu. Ile ya wageni kunywa. Tuliambiwa na watu wa afya, kila maji ya mgeni iwekwe dawa, na hii nimeweka mimi mwenyewe."

"Si uliona nikienda mtoni?"

"Ndio nikasema, huyu mtu anapatia hao watoto maji ya mto. Wataendesha tumbo."

Kwa mtu ile dawa ya kuua vijidudu ni uzima. Kwa samaki inaunguza matamvua anayopumulia. Nilipofika juu walikuwa wameshaanza kugeuka tumbo, mmoja, kisha kumi, kisha mkebe mzima ukawa mweupe. Nilijaribu kuwahamisha kwa wavu wa mkono, lakini walikufa wakiwa kwenye wavu. Nilimfokea yule mama maneno ambayo singependa mwanangu ayasikie. Nilimwita mjinga mbele ya wateja wake. Alifunika uso kwa aproni, akalia.

Nilichimba shimo chini ya migomba na kuwafukia. Nilipomaliza nilikuta ameweka kwenye lori kikapu cha viazi vitamu vya moto na chupa ya uji, na magunia yetu ameyalowesha tena, kwa maji ya kijito aliyoyateka mwenyewe. Muriuki alimshukuru. Mimi nilipanda nikakaa. Sikumwomba radhi, na hilo bado linanichoma, maana katika safari nzima yeye peke yake ndiye aliyewafikiria samaki wale kuliko nafsi yake, na ni yeye peke yake niliyemtukana usoni.

Chuka hadi Timau

Siku ya pili ilianza vizuri kuliko ya kwanza. Baada ya Meru kabeji zikaisha, lori likawa jepesi, na barabara ikapanda kuelekea baridi. Nilihisi upepo wa mlima shingoni na nikaona kipimajoto kikishuka. Vifaranga walirudi chini ya mkebe, wakatulia, vichwa vyote upande mmoja kama walivyo mtoni. Nilikula kiazi changu cha kwanza tangu alfajiri.

Tuliposimama kuchota maji, Muriuki aliniuliza kwa nini ninajitesa hivi kwa ajili ya mto usio wa kwetu. Nikamweleza, nanyi nawaeleza. Nikiwa kijana niliajiriwa miaka sita kuulinda mto huohuo wa chini ya Timau kwa niaba ya wavuvi wa burudani. Sitautaja jina, maana wenye pampu, ambao mtakutana nao mbele, wana mawakili. Kazi yangu ilikuwa kutembea ukingoni na filimbi. Mwenye nyavu nilimfukuza. Aliyevua msimu wa kutaga nilimfukuza. Na zaidi ya wote niliwafukuza wafugaji wanaopanda na mifugo kutoka upande wa Doldol wakati wa kiangazi, kwa sababu ng'ombe wakikanyaga kokoto za chini ya daraja wanayaponda mayai. Nilikuwa mkali. Hata ndama wa siku tatu hawakuniponyoka. Nilifundishwa kwamba mto ukikosa samaki ni kosa la kwato, nami nikaamini, kwa sababu kwato niliziona kwa macho yangu.

Baadaye nilisikia samaki wa mto ule wamekwisha. Iliniuma. Bosi aliposema tunapeleka vifaranga kuurudishia mto uhai wake, nilijitolea kabla hajamaliza sentensi. Nilitaka niwamwage mwenyewe palepale chini ya daraja, juu ya kokoto nilizozilinda.

"Basi hii safari si ya bosi," akasema Muriuki. "Ni yako."

Nilikubali. Ilikuwa yangu.

Chini ya daraja

Nilipuliza filimbi daraja lilipoonekana. Muriuki akasimama. Niliruka chini, nikashika ukuta wa daraja, nikaangalia.

Hapakuwa na mto. Kulikuwa na kokoto zangu, zote, nyeupe na kavu kama zimemwagwa na mjenzi. Kulikuwa na gogo na kiatu kimoja cha mtoto. Mvua zilikuwa zimekosa mwaka huo, hilo nalijua, lakini mto ule unatoka kwenye barafu ya mlimani. Katika miaka yangu sita niliwahi kuuona umepungua. Sikuwahi kuuona haupo.

Chini kabisa, mzee mmoja wa Kimaasai alikuwa amepiga magoti akichimba mchanga kwa bakuli. Shimo lilikuwa limefika kwapani mwake. Nyuma yake ndama saba wamesimama, mbavu nje, na mmoja alikuwa akilamba jiwe. Alikuwa ameisikia filimbi; aliinua kichwa, akanitazama.

"Wewe," akasema. "Filimbi."

Sikumtambua.

"Mimi ni ile mtu ulifukuza na ndama hapa hapa. Zile ndama ndio mama ya hawa." Akaonyesha ndama kwa kidevu. "Ulipiga filimbi mpaka mbwa yangu ikakimbia."

Nilimwamkia kwa adabu, nikiwa sijui niweke wapi mikono. Nikamuuliza mto umeenda wapi.

"Mto iko," akasema bila kicheko. "Iko juu. Imelala kwa bwawa ya watu ya maua. Wewe enda, utaiona."

Langoni

Shamba la maua lilikuwa mwendo mfupi juu ya barabara, nyumba za plastiki zimepangana mpaka macho yanachoka. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia askari wa lango: kwamba nina samaki wanaokufa, kwamba naomba nipite mpaka juu ya pampu zao, pale mto unapoingia, niwaachilie huko. Sikupata nafasi ya kuyasema.

"Nyinyi ndio watu wa samaki?" akauliza, huku akifungua. "Mbona mmechelewa? Tumewangoja tangu jana."

Nilimwangalia Muriuki. Muriuki akaangalia usukani. "Bosi aliniambia ni hapa," akasema. "Nilijua unajua, mpaka ulipotaja daraja."

Meneja alikuja kutupokea kwa furaha. Alikuwa kijana mpole, buti zake hazikuwa na tope. Akatupeleka bwawani. Jamani, lile bwawa! Lilikuwa limejaa hadi ukingoni, limetulia, na mabomba mawili mapana kama pipa yalikuwa yakiliingizia maji mchana kutwa. Walikuwa wamejenga gati ndogo ya mbao na viti vya kupumzikia, na kibao kilichosema uvuvi ni kwa wageni wa shamba.

"Wageni wetu wanapenda sana kuvua," akasema. "Na hapa samaki watakuwa salama. Hakuna ng'ombe wa kuwasumbua."

"Niliambiwa ninaleta samaki wa mto," nikasema.

"Huu ndio mto," akasema, akaonyesha bwawa kwa mkono wazi. Hakuwa akinidhihaki. Aliamini kabisa.

Niliwaza kugeuza lori. Niliwaza kumwaga mikebe yote palepale miguuni pake, ili samaki wafie kwenye buti zake safi. Naapa nilishika mkebe wa kwanza kwa nia hiyo. Lakini nilipofunua kifuniko walikuwa wamepanda juu, wanafungua midomo. Hawakunikosea chochote. Nimetumia nusu ya maisha yangu kuzuia samaki wasife, na mikono yangu haijui kazi nyingine.

Basi nikafanya kazi kama inavyofanywa. Huwezi kumtupa kifaranga kwenye maji mageni ghafla. Unapunguza maji ya mkebe kidogo, unaongeza ya bwawa, unangoja, unapunguza tena, unaongeza tena, mpaka mkebe wote ni maji ya bwawa na samaki amezoea. Nilifanya hivyo mkebe baada ya mkebe, polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha badala ya kuinamisha mkebe kama tufanyavyo siku zote, niliwatoa vifaranga kwa wavu wa mkono, kikundi kwa kikundi, nimeulowesha kwanza. Walikwenda kama vivuli. Sikuwaona tena.

Nyuma yangu ilibaki mikebe mitano iliyojaa mpaka shingoni. Nikaujaza na wa sita, ule wa Chuka, kwa maji ya bwawa. Meneja alikuwa amekwenda kupokea simu. Askari wa lango alipotuona tunatoka alikunja uso.

"Mbona hizo mikebe bado zimejaa? Hapa maji haitoki nje."

"Maji ya safari haimwagwi kwa bwawa," nikamwambia, na hilo ni kweli, ni sheria ya kazi yetu. "Iko na uchafu ya njia yote. Unataka samaki ya wageni ishikwe na ugonjwa?"

Akafikiri kidogo. Akafungua lango, nikasema asante.

Kurudi

Muriuki hakuniuliza tunaenda wapi. Alisimama darajani bila filimbi. Tuliteremsha mikebe mmoja mmoja, yeye mnene yule akitoka jasho na kuteleza kwenye kokoto, na akatoa karai lake la kuoshea kabeji. Ndama walikuja mbio kabla halijajaa. Mzee aliwagawa kwa fimbo, mdogo kwanza, kisha yeye mwenyewe akakinga viganja, akanusa, akakunja pua.

"Hii maji iko na harufu ya samaki."

"Samehe," nikasema. "Ndiyo hiyo tu niliyopata."

Akanywa. Akajifuta mdomo.

"Nyinyi watu wa Nyeri mnakula hiyo kitu?"

"Wengi wetu hatuli. Mimi sijawahi."

"Na sisi hatuli." Aliangalia ndama wakisukumana kwenye karai. "Sasa ile wakati, ulikuwa unatufukuzia nani?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimetoka kuona viti vya wageni wa shamba. Muriuki alijifanya anakaza kamba ya turubai.

Mkebe wa mwisho ulikuwa unaisha. Mikebe sita, na mabomba yale mawili pale juu yalikuwa yameshameza maelfu yake tangu tulipotoka langoni. Mzee aliuinamisha mkebe mpaka tone la mwisho, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo sikustahili.

"Na huko juu kwa bwawa," akauliza, "filimbi ulipiga?"

Nikasema hapana.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo alilolijua zamani, akawaswaga ndama wake chini kwenye kokoto kavu.

Tulirudi kwa njia ya Nanyuki na Naro Moru. Saa mbili tu, viazi na vyote. Bosi alikuwa ametoka Nairobi, akanikuta nikiosha mikebe. "Samaki walifika?" akauliza. Nikamwambia walifika. Akanipiga begani, akaenda zake, nami nikaendelea kusugua.

Filimbi bado iko kwenye ufunguo wangu. Niliwapulizia vijana wa sabuni kule Embu, wakatii. Niliupulizia mgongo wa mzee yule miaka sita. Nilisimama mbele ya mabomba yaliyomeza mto mzima, filimbi iko mfukoni, na nikasema asante nilipofunguliwa lango. Kwa hiyo mkinikuta barabarani, msiniulize tena kama samaki walifika. Niulizeni kwa nini sikupuliza.